Vidonge vya Damu Visigombane na Dawa Nyingine

Katika bonde letu la Kilombero, kutoka Kidatu hadi Mlimba, upungufu wa damu ni adui wa siku nyingi. Malaria, minyoo na uhaba wa madini ya chuma humdhoofisha mama, na mimba humwongezea mzigo. Ndiyo maana kliniki tunawapa wajawazito vidonge vya chuma na asidi ya foliki, kimoja kila siku.

Lakini baadhi ya akina mama wana dawa nyingine pia. Wakati wa kilimo cha mpunga, familia zikihamia mashambani, ni rahisi kumeza zote jioni kwa mkupuo mmoja. Hapo ndipo penye hatari. Chuma, kalsiamu, magnesi na alumini hunasa baadhi ya dawa tumboni. Dawa iliyonaswa haiingii katika damu, bali hutoka na choo. Mgonjwa hudhani anatibiwa, kumbe sivyo.

Tuangalie dawa hizi:

1. Dawa za VVU zenye dolutegraviri, zinazotumika nchini tangu 2019. Zimezwe muda wa saa 2 kabla ya kidonge cha damu, au saa 6 baada yake. Vikimezwa pamoja, iwe wakati wa kula, si tumbo likiwa tupu. Dawa ikikosa nguvu virusi huongezeka, na mtoto anaweza kuambukizwa.

2. Dawa za kiungulia zenye magnesi au alumini. Hizi zisimezwe pamoja na dolutegraviri hata kwa chakula. Mfuate muda ule ule.

3. Siprofloksasini na doksisaiklini. Hizi nazo hudhoofishwa na chuma. Mwulizeni mgawa dawa saa za kumeza.

4. SP ya kukinga malaria. Foliki ya miligramu 5 huipunguzia nguvu. Ile ya miligramu 0.4 haina shida.

Mfano rahisi: kidonge cha damu saa 6 mchana, pamoja na wali, mboga na chungwa, dawa ya VVU saa 2 usiku. Chai isubiri, maana huzuia chuma. Udongo wa pemba nao uachwe.

Akina mama, msiache dawa yoyote kwa hofu. Mjapo kliniki, leteni dawa zote, hata mlizonunua duka la dawa muhimu, tuwapangie saa. Na akina baba, wakumbusheni wenzenu saa hizo. Vidonge vya chuma viwekwe juu, mbali na watoto: mtoto akimeza vingi ni sumu, akimbizwe hospitali mara moja.