Kahawa Isiyofukuza Usingizi: Amana ya Mkaangaji

Katika nchi zetu kahawa si kinywaji tu, bali ni wito wa watu kukutana. Katika miji ya pwani, muuza kahawa hupita na dele lake akigonganisha vikombe, na wazee barazani hutambua kwamba saa ya mazungumzo imewadia. Huko Kagera, mgeni hukaribishwa kwa punje za kahawa zilizochemshwa na kukaushwa, akazitafuna huku akiulizwa habari za atokako. Kwa hiyo mtu aliyeshauriwa na daktari ajiepushe na kahawa hakunyimwa kikombe peke yake. Ametengwa kidogo na wenziwe. Mama mjamzito, mzee asiyepata usingizi, na yule ambaye moyo humwenda mbio kila akinywa, hao ndio walengwa wa kahawa iliyoondolewa kafeini. Na kwa kuwa hawawezi kuipima kwa ulimi, kahawa hiyo ni amana iliyo mikononi mwa anayeikaanga.

Kafeini ndicho kitu kilichomo ndani ya kahawa kinachomwondolea mtu uchovu na kumfukuzia usingizi. Mwaka 1819, mshairi wa Kijerumani Goethe alimpa kijana mkemia, Friedlieb Ferdinand Runge, punje za kahawa azichunguze, na haikuchukua muda mrefu Runge akaitenga kafeini. Kahawa ya arabika, ambayo hulimwa Kilimanjaro, Mbeya na Ruvuma, ina kafeini ya kiasi cha asilimia 1.2 ya uzito wake; robusta, iliyoenea Kagera, huwa na karibu maradufu ya hiyo. Mtu mzima huchukua yapata saa 5 kupunguza nusu ya kafeini aliyokunywa. Anayekunywa saa kumi alasiri, saa tatu usiku bado nusu yake imo mwilini. Kwa mama aliye katika miezi ya mwisho ya ujauzito, muda huo waweza kufikia saa 15.

Aliyeifanya kazi ya kuiondoa kafeini kuwa biashara ni Ludwig Roselius, mfanyabiashara wa kahawa wa mji wa Bremen, Ujerumani, aliyeanzisha kampuni ya Kaffee HAG mwaka 1906. Inasimuliwa kwamba aliamini kahawa ndiyo iliyoharakisha kifo cha baba yake. Njia yake ilikuwa kuzilainisha buni kwa mvuke, kisha kuzitoa kafeini kwa benzini. Baadaye ilidhihirika kuwa benzini yenyewe huleta saratani, na njia hiyo ikaachwa. Hapo pana funzo: haitoshi kujua kilichoondolewa, yafaa pia kujua kiliondolewa kwa kitu gani.

Siku hizi njia ni kadhaa. Wako wanaotumia vimiminika vya kemikali vinavyoinasa kafeini, ambavyo mabaki yake huwekewa mipaka na sheria. Wako wanaotumia hewa ya kaboni iliyoshindiliwa kwa nguvu nyingi, njia iliyotokana na uchunguzi wa mwanasayansi Kurt Zosel nchini Ujerumani mwaka 1967. Wengine hutumia maji na makaa maalumu ya kuchujia: buni hulowekwa katika maji ambayo tayari yamejaa ladha ya kahawa lakini hayana kafeini, hivyo kafeini hutoka na sehemu kubwa ya ladha hubaki. Katika njia zote hizo, kazi hufanywa kabla buni hazijakaangwa, na huhitaji mitambo mikubwa ya gharama kubwa. Mkaangaji mdogo hana uwezo huo. Yeye hununua buni ambazo zimekwisha kuondolewa kafeini katika viwanda vya nchi kama Ujerumani, Kanada au Mexico.

Lakini asidhaniwe kuwa kazi yake ni nyepesi. Buni za kawaida huwa na rangi ya kijani, nazo hubadilika taratibu motoni, hata mkaangaji akaweza kuongozwa na macho. Buni zilizoondolewa kafeini humfikia zikiwa na rangi ya kahawia tayari. Macho humdanganya, na mlio wa kupasuka kwa punje, ambao ndio saa yake, husikika kwa unyonge. Huwahi kuiva, mafuta yake hutokeza mapema, na ladha yake huchujuka upesi. Asiyejali huziunguza, kisha akasema kahawa ya namna hiyo ndivyo ilivyo. Mwenye kujali hupunguza moto, hunusa na kuonja kila mara, tena hukaanga kidogo kidogo ili mteja asiuziwe kahawa iliyochakaa.

Liko jukumu jingine lililo zito zaidi. Mtambo ni huohuo uliokaanga kahawa ya kawaida asubuhi. Punje zikisalia ndani yake, au magunia yakichanganywa, mnywaji hatatambua kitu mpaka usiku utakapomkuta macho wazi. Ndiyo maana mkaangaji mwaminifu husafisha mtambo na kinu cha kusagia, huandika kila gunia, na huweka kumbukumbu ya kila mkaango.

Yafaa pia familia zijue kwamba kahawa hii haikosi kafeini kabisa. Marekani, kipimo kilichozoeleka ni kuondoa asilimia 97. Kikombe kikubwa cha kahawa ya kawaida huwa na miligramu 95 hivi, na cha hii huwa na chache tu, kwa kawaida kati ya 2 na 15. Mwaka 2015, Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza kwamba mama mjamzito anaweza kutumia hadi miligramu 200 kwa siku bila hofu kwa mtoto wake. Hesabu hiyo hujumlisha chai na soda za kola. Mama aliyeacha kahawa akahamia chai nzito hajaikimbia kafeini. Na aliyekatazwa na daktari kwa maradhi ya moyo amwulize daktari huyohuyo kabla ya kubadili.

Ndugu msomaji, ununuapo kahawa hii, uliza mambo matatu: kafeini iliondolewa kwa njia gani, kahawa ilikaangwa lini, na mtambo husafishwaje. Mkaangaji anayeijua kazi yake hatachukizwa na maswali hayo. Kisha weka mkebe mmoja nyumbani, uandikwe waziwazi usichanganywe na mwingine, ili mgeni aliyekatazwa kahawa naye anyweshwe pamoja na wengine, na usiku alale.