Cheti ni Chako, Viza ni Yao

Kijana aliyemaliza kidato cha sita kwa tahasusi ya ECA, awe wa Morotonga, Mugumu mjini au Tarime, akitaka kusomea uhasibu ng'ambo huwekewa mezani mpango wa hatua tatu: shahada Uingereza, Kanada au Australia, kisha kazi hukohuko, kisha ukaazi wa kudumu. Mawakala wa vyuo huzieleza hatua hizo kana kwamba kila moja inaivuta inayofuata. Si uongo mtupu. Uhasibu ni kati ya fani chache ambazo kanuni zake zinakaribiana dunia nzima. Tanzania ilianza kutumia viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha mwaka 2004, na mizania iliyoandaliwa Musoma inasomeka Toronto. Lakini ndani ya mpango huo vimefungwa pamoja vitu viwili vyenye wenyewe tofauti. Taaluma ni mali ya aliyeisomea. Kibali cha kukaa ni mali ya serikali ya watu wengine, nayo inaweza kubadili masharti wakati mwanafunzi yuko mwaka wa pili na ng'ombe wa ada wameshauzwa. Kwa sababu hiyo nashikilia kwamba kwa familia nyingi za Serengeti na Tarime njia iliyo salama ni kuipata taaluma hapa nyumbani kwanza, safari ifuate baadaye.

Ushahidi tuutazame nchi kwa nchi. Australia ilikuwa na orodha ya kazi zenye uhaba wa watu, na uhasibu ulipokuwamo ulimpa mwombaji wa ukaazi alama za ziada. Wanafunzi wa kigeni wakafurika kwenye kozi hiyo. Februari 2010 serikali ikaifuta orodha ile. Uhasibu haukutupwa nje ya orodha mpya, ila waombaji walizidi nafasi mno, hata ikafika mahali mhasibu akahitaji alama nyingi kuliko kiwango cha chini cha kisheria, ambacho leo ni 65. Uingereza nayo iliifunga viza ya kufanya kazi baada ya masomo Aprili 2012. Fikiria aliyeanza shahada ya miaka mitatu mwaka 2009 akiitegemea viza hiyo: alihitimu 2012, miezi michache baada ya mlango kufungwa. Viza ya namna hiyo ilirudi Julai 2021 kwa muda wa miaka miwili, na sasa imeamuliwa kuwa watakaoiomba kuanzia Januari 2027 wengi wao watapewa miezi 18. Wakati huohuo kima cha kawaida cha mshahara kwa mgeni anayetaka viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi kilipanda Aprili 2024 kutoka pauni 26,200 hadi 38,700 kwa mwaka, kisha Julai 2025 hadi 41,700. Wahitimu wapya hupewa nafuu, lakini ni nafuu ya muda. Kanada ilianza mwaka 2024 kwa kuweka kikomo cha idadi ya vibali vya wanafunzi, na fedha za kujikimu ambazo mwombaji lazima aonyeshe zikapanda kutoka dola 10,000 hadi 20,635. Hakuna mwanafunzi aliyekosea lolote katika mabadiliko haya yote. Yalitokana na siasa za makazi, kura na ajira za huko, mambo ambayo mzazi aliyeko Mugumu hana sauti ndani yake.

Gharama ndiyo inayolifanya jambo hili kuwa zito. Ada ya mwanafunzi wa kigeni katika vyuo vingi vya Uingereza huzidi pauni 15,000 kwa mwaka, yaani zaidi ya shilingi milioni 45, mbali na chakula, pango na pauni 776 za huduma ya afya kila mwaka. Wakati wa masomo haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa wiki. Na akishamaliza yote hayo bado si mhasibu kamili, jambo ambalo matangazo hulipitia haraka. Shahada ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni mitihani ya bodi ya kitaaluma na uzoefu wa kazini.

Nusu hiyo ya pili haihitaji ndege. Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972, huendesha mitihani yake Mei na Novemba, na anayefaulu hadi mwisho na kutimiza masharti ya uzoefu husajiliwa kuwa CPA(T). Taasisi ya Uhasibu Tanzania ina kampasi Mwanza, ambako basi la kutoka Mugumu hufika siku hiyohiyo. Anayetaka cheti chenye jina Uingereza anaweza kufanya ACCA akiwa Tanzania: mitihani 13, ambayo mwenye shahada husika anaweza kusamehewa hadi tisa, pamoja na miezi 36 ya kazi. Miezi hiyo inaweza kupatikana katika hoteli ya kitalii ya Serengeti au katika mgodi wa North Mara kule Nyamongo, mradi isimamiwe na mhasibu mwenye sifa. Hata taasisi zinazotathmini wahasibu wanaotaka kuhamia Australia haziulizi kama ulisoma Sydney; hupima masomo uliyosoma, kiwango cha shahada na Kiingereza chako. Tena ng'ambo ya karibu kabisa ni Kenya, kuvuka tu mpaka wa Sirari. Mwaka 2011 bodi za wahasibu za Afrika Mashariki, NBAA na ile ya Kenya zikiwamo, zilitia saini makubaliano ya kutambuana sifa.

Wapo watakaosema vyuo vya nje vinafundisha vizuri zaidi na vinafungua macho. Vingine ndivyo, nami simzuii anayeweza kulipa bila kuiyumbisha familia. Kwa asiyeweza upo ufadhili, nao humsubiri mtu akiwa ameshaanza kazi: Chevening ya Uingereza, kwa mfano, hulipia shahada ya uzamili, hudai uzoefu wa kazi wa miaka miwili hivi, na humtaka aliyefadhiliwa arudi kwao kwa angalau miaka miwili.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la ajira: wahitimu wa uhasibu ni wengi nchini na wengine wanazunguka na bahasha. Ni kweli, na inauma. Ila mwenye shahada tupu na mwenye CPA(T) hawapangi foleni moja, kwa kuwa ukaguzi wa hesabu unaotambuliwa kisheria haufanywi na asiyesajiliwa. Kazi yenyewe ipo katika wilaya hizi. Mgodi una wazabuni wanaopaswa kutunza vitabu vinavyokubalika. Halmashauri hukaguliwa kila mwaka na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Vijiji vya jumuiya ya hifadhi ya Ikona hugawana mapato ya utalii, na wanakijiji wana haki ya kuelewa kila shilingi imekwenda wapi.

Neno “ukaazi” nalo lina jambo ambalo familia huligundua wakati umepita. Kibali cha ukaazi wa kudumu hakigusi uraia wa Mtanzania. Pasipoti ya nchi nyingine inaugusa. Chini ya Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, mtu mzima anayechukua kwa hiari uraia wa taifa jingine hupoteza wa Tanzania, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ilimruhusu asiye raia kupewa ardhi kwa ajili ya uwekezaji tu. Marekebisho ya mwaka 2024 yaliwaletea watu wenye asili ya Tanzania hadhi maalumu inayolegeza sehemu ya masharti hayo, lakini hadhi hiyo huombwa na haiwi uraia. Kwa mtoto anayetarajiwa kurithi shamba Morotonga, hilo ni swali la kuulizwa pamoja na lile la ada.