Ndege Ndogo Ikianguka: Okoa Watu, Usiguse Mabaki

Ndege ndogo zinazosafiri kati ya Uwanja wa Wilson, Nairobi, na Pwani hupita juu ya Makueni na Kitui. Nyingine hutua katika viwanja vidogo kama vile Ithookwe na Makindu. Ajali ikitokea, wa kwanza kufika huwa ni wakulima, wachungaji na wahudumu wa bodaboda. Wanachofanya katika saa ya kwanza kinaweza kuokoa maisha, na pia kuamua iwapo chanzo cha ajali kitajulikana.

Mitambo inapoharibika

Injini ikizima angani, ndege haidondoki kama jiwe. Cessna 172 iliyo mita 1,000 juu ya ardhi inaweza kuteleza hewani takriban kilomita 9 upepo ukiwa shwari, rubani akitafuta mahali pa kutua. Hatari huwa kubwa zaidi injini inapozima punde tu baada ya ndege kupaa, kwa kuwa kimo ni kidogo na muda haupo.

Maji yakiingia kwenye mafuta, injini inaweza kuzima. Ndiyo maana rubani huchota mafuta kidogo kutoka kwenye tangi na kuyakagua kabla ya safari.

Hata hivyo, hitilafu hutokea. Mnamo 18 Aprili 2024, helikopta ya jeshi ilianguka Elgeyo Marakwet na kuua watu 10, akiwemo Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla. Ripoti ya Wizara ya Ulinzi ilitaja hitilafu ya injini. Wanaoumia si abiria tu: huko Malindi, 10 Januari 2025, ndege ya mafunzo ilianguka kando ya barabara na watu 3 waliokuwa chini wakafariki.

Kwa nini mabaki ni ushahidi

Ndege nyingi ndogo hazina kifaa cha kunasa taarifa za safari kama kile cha ndege kubwa. Ushahidi umo katika vyuma vyenyewe. Kwa mfano, namna propela ilivyopinda humwonyesha mchunguzi kama injini ilikuwa ikizunguka kwa nguvu au ilikuwa imezima. Swichi ya mafuta huonyesha kama tangi lilikuwa limefunguliwa. Mtu akiigeuza swichi hiyo, au akibeba kipande kwenda kuuza kama chuma chakavu, jibu linapotea. Ndege nyingine za aina hiyo hiyo zitaendelea kuruka na kasoro ile ile.

Wananchi wafanye nini

• Piga simu 999 au 112, kisha mjulishe chifu au naibu wake. Taja kijiji na alama inayojulikana, kama vile shule, kanisa au mto.

• Saidia majeruhi iwapo hakuna moto. Usimwondoe majeruhi mahali alipo isipokuwa kuna hatari ya moto.

• Usivute sigara wala kuwasha moto. Usichote mafuta. Huko Sachang'wan, Januari 2009, zaidi ya watu 100 waliangamia lori la mafuta lilipolipuka watu wakichota.

• Weka watoto na mifugo mbali. Usisogeze kitu isipokuwa kwa ajili ya kuokoa mtu.

• Usisambaze picha za waliofariki. Familia isipate habari kupitia simu ya mtu asiyemjua.

• Kumbuka ulichokiona na kukisikia, hasa mlio wa injini na moshi, na uwaeleze wachunguzi.

Nani huchunguza

Ajali za ndege za kiraia huchunguzwa na Idara ya Uchunguzi wa Ajali za Ndege, iliyo chini ya wizara inayosimamia uchukuzi. Kwa kanuni za kimataifa, ripoti ya awali hutarajiwa ndani ya siku 30. Lengo la uchunguzi huo si kumtafuta wa kulaumiwa, bali kuzuia ajali nyingine. Kwa hiyo mwananchi aliyeokota kipande shambani mwake, hata siku kadhaa baadaye, akiripoti kwa chifu au kituo cha polisi anasaidia kazi hiyo.