TUIHIFADHI VIPI ELIMU TUNAYOISOMA MTANDAONI?



Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Wapenzi wanafunzi pamoja na wazazi, Ramadhani moja nilitoa darsa baada ya Alasiri, nikataja hadithi inayohusu fadhila za swala fulani. Mzee mmoja akaniuliza, "Ustadh, hadithi hiyo kaipokea nani?" Nikamjibu kuwa nimeisoma mtandaoni na kiungo chake ninacho kwenye simu. Usiku nilipokifungua, ukurasa haukuwepo tena. Nilitafuta mpaka wakati wa daku, na katika vitabu nilivyonavyo sikuiona. Siku ya pili ilinibidi nisimame mbele ya watu wale wale niwaambie: maneno yangu ya jana msiyanukuu, sikuyahakikisha. Niliona haya sana, lakini kumzulia Mtume (S.A.W.) ni jambo zito kuliko haya yangu.

Kosa langu lilikuwa nini? Kwanza, sikuchuja nilichokisoma. Pili, nilidhani kuweka kiungo ni kuhifadhi. Kiungo ni anuani tu. Ukiwa na anuani ya nyumba huna nyumba, na mwenyewe akiibomoa utakuta kiwanja kitupu.

Kurasa za mtandao hupotea kwa wingi. Mwaka 2024 taasisi ya Pew Research Center ya Marekani ilieleza kuwa kati ya kurasa zilizokuwepo mwaka 2013, asilimia 38 hazikupatikana tena miaka 10 baadaye. Wengine huacha kulipia tovuti zao, wengine hupanga kurasa upya na anuani zikabadilika, na kampuni nyingine hufunga huduma. Mwaka 2009 Yahoo ilifunga GeoCities, iliyobeba kurasa za watu wengi mno. Julai 2025 ikafungwa Pocket, huduma ambayo watu waliitumia kuwekea makala za kusoma baadaye. Hivyo hata ghala nalo hufungwa!

Waislamu tuna mfano mwema katika jambo hili. Baada ya mahafidhi wengi kuuawa katika vita vya Yamama, Umar (R.A.) alimshauri Khalifa Abu Bakr (R.A.) Qur'ani ikusanywe. Kazi akapewa Zayd bin Thabit (R.A.), akakusanya kutoka katika maandishi yaliyotawanyika na vifua vya watu. Nakala ile ilikaa kwa Abu Bakr, kisha kwa Umar, kisha kwa bibi Hafsa (R.A.). Hawakutegemea njia moja: palikuwa na kifua na palikuwa na maandishi.

Basi tufanye hivi:

1. Chuja kwanza. Sura ya Al-Hujurat, aya ya 6, inatufunza kuhakikisha habari. Tazama nani kaandika na katoa wapi. Ikiwa ni hadithi isiyotajwa mpokezi wala kitabu, usiihifadhi wala usiisambaze mpaka umuulize mwalimu.

2. Hifadhi maneno yenyewe. Katika simu nyingi, ukifungua ukurasa kwa Chrome, bonyeza vidoti vitatu juu, kisha alama ya mshale unaoelekea chini. Ukurasa utabaki kwenye simu na utausoma hata bando likiisha. Waweza pia kuufanya faili la PDF.

3. Lipe faili jina linaloeleweka: somo, mwandishi na tarehe. Kwa mfano, "Mirathi", jina la mwandishi, kisha siku uliyoisoma. Weka folda ya Fiqhi, ya Sira, ya Tajwidi na ya masomo ya skuli.

4. Weka nakala zaidi ya moja. Simu huibiwa na huingia maji. Nakala moja iwe kwenye simu, nyingine kwenye flashi au memori kadi, na ya tatu ijitumie kwa barua pepe.

5. Andika kwa mkono. Kila makala muhimu ifupishe kwa mistari mitano katika daftari lako, pamoja na jina la mwandishi. Hapo ndipo utajua kama umeelewa au umekusanya tu.

6. Punguza. Kila Alhamisi jioni futa picha na video zisizo na faida. Katika mipangilio ya WhatsApp waweza kuona mafaili yanayokula nafasi, na waweza kuzuia yasijipakue yenyewe.

Ikiwa ukurasa umeshapotea, usikate tamaa. Lipo shirika la Internet Archive, lililoanzishwa mwaka 1996, ambalo huhifadhi nakala za kurasa za zamani. Ingia web.archive.org, andika anuani ya ukurasa, huenda ukaupata. Hapo hapo waweza kuomba ukurasa uliopo leo uhifadhiwe.

Wazazi wetu, kaeni na watoto mara moja kwa wiki muwaulize: umesoma nini, umeandikwa na nani, umeuweka wapi? Maswali haya matatu yatawafaa kuliko kuwanyang'anya simu.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na elimu ni mali bora kuliko zote.

Tunamuomba Allah (S.W.) atupe elimu yenye manufaa na atujaalie kuitunza na kuifanyia kazi. Amin.

Wabillahi tawfiq.