Mzigo na Mchukuzi: Istilahi za Kompyuta Zinazogawana Kazi

Jina la Kariakoo ni utohozi wa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza waliopiga kambi mahali hapo baada ya Dar es Salaam kutekwa mwaka 1916. Uchukuzi ungali shughuli kubwa ya mitaa hiyo, na kutokana nao hupatikana mfano wa kuelezea jinsi programu inavyoweza kuzigawia kompyuta nyingi kazi inayojirudia.

Lori linapofika na magunia ya vitunguu, mambo matatu huhusika: mzigo, mchukuzi na karani mwenye daftari. Mchukuzi hahitaji kujua idadi ya magunia yote. Karani naye hahitaji kujua njia atakayopita mchukuzi. Katika uprogramu unaozingatia vitu, mkabala ulioanzia katika lugha ya Simula nchini Norwe miaka ya 1960, kila kimoja huundiwa jamii yake, yenye sifa na matendo yake. Jamii hizo hazina budi kutofautishwa na ngeli: ngeli hutawala upatanisho wa maumbo, ilhali jamii ya vitu hutawala kile ambacho kitu chaweza kuagizwa kutenda.

Umuhimu wa utengano huo hudhihirika kazi inapokwama. Na ichukuliwe kongoo, yaani hazina ya matini, ambayo mafaili yake yamegawiwa kompyuta kumi ili zihesabu maneno kwa ajili ya kamusi. Kompyuta moja ikizimika, faili lake hupewa nyingine na hesabu huendelea. Lakini faili lenyewe likiwa na kasoro, kulihamisha hakusaidii. Litazikwamisha zote kumi, moja baada ya nyingine. Aidha, kompyuta iliyo kimya si lazima iwe imezimika. Huenda ni mtandao tu uliokatika. Ikirejea na jibu baada ya mwenzake kukabidhi lake, maneno yaleyale yatahesabiwa mara mbili, na neno adimu litaonekana la kawaida. Gunia haliwezi kupita njia mbili kwa wakati mmoja, faili hunakiliwa. Kwa hiyo kila mgao hupewa namba, na karani hupokea jibu moja tu kwa kila namba.

Hapo ndipo istilahi inapokuwa na uzito. Mwalimu anayesema "kazi imeshindikana" hajabainisha kama kasoro imo katika mgao au kwa mtenda. Kiswahili kina nyenzo ya kubainisha: kutokana na kitenzi -chukua hupatikana mchukuzi na uchukuzi; kutokana na -gawa, mgawaji na mgao. Mwanafunzi akizoeshwa mapema kuyatenga maneno hayo, atavitenga pia vitu vyenyewe katika programu yake.