Nani anakaa kwenye Baraza la Ardhi la kijiji chako?

Migogoro mingi ya ardhi wilayani Same huanza kwa jambo dogo. Mpaka umesogezwa hatua mbili. Ng'ombe wameingia kwenye mahindi. Mume amefariki, na kabla ya arobaini ndugu zake wanamwambia mjane kwamba shamba ni la ukoo. Jambo likiachwa, linageuka kuwa ugomvi wa kabila na kabila, au wa familia nzima dhidi ya mama mmoja.

Kipo chombo cha kisheria cha kulishika jambo hilo likiwa bado dogo. Kinaitwa Baraza la Ardhi la Kijiji. Wajumbe wake ni majirani zako. Hawalipwi mshahara, wanajitolea. Je, unawafahamu? Ulikuwepo siku walipopitishwa? Hapa tunaeleza baraza hili linapatikanaje, linafanya nini, na kwa nini haki yako inaweza kutegemea siku moja ya mkutano wa kijiji.

Kwa nini Same

Huku milimani, Chome, Mbaga au Mamba, mashamba ni madogo na yamegawanywa kizazi hadi kizazi. Maji ya ndiva nayo yana zamu. Kule tambarare, kuanzia Makanya na Hedaru hadi Ruvu na Kisiwani, mkulima na mfugaji wanatazama ardhi ile ile, mmoja kwa ajili ya kulima na mwingine kwa ajili ya malisho.

Mwaka 1988 wafugaji waliokuwa wakiishi ndani ya Pori la Akiba la Mkomazi waliondolewa. Leo eneo hilo ni Hifadhi ya Taifa. Baadhi yao walikwenda mahakamani, na kesi yao ikafika Mahakama ya Rufani. Moja ya maswali yaliyobishaniwa ni nani alitangulia kufika katika ardhi ile.

Swali hilo bado linasikika vijijini: "Huyu ni wa kuja tu, atasemaje hapa?" Lakini katika uendeshaji wa kijiji, sheria haiulizi babu yako alitoka wapi. Ukiwa mkazi wa kawaida wa kijiji na umefikisha miaka 18, wewe ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Mpare, Mmasai, Msambaa au Mchaga, mwanamke au mwanamume, mwenye ng'ombe mia au asiye na kuku, kila mmoja ana kura moja.

Sheria inasema nini

Ibara ya 13 ya Katiba inakataza ubaguzi, na inataja kabila, mahali mtu alipotokea, rangi, dini, jinsia na hali ya maisha. Kwa hiyo kumnyima mtu haki yake kwa sababu ni wa kabila lingine au kwa sababu ni maskini ni kuvunja Katiba.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inazitambua mila katika mambo ya ardhi, lakini imeziwekea mpaka. Mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Mjane akiambiwa "mila yetu hairuhusu", jibu lipo kwenye sheria.

Wajumbe saba

Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, na watatu kati yao wawe wanawake. Majina yanapendekezwa na halmashauri ya kijiji, kisha yanapelekwa kwenye mkutano mkuu ili yapitishwe. Wanakaa miaka mitatu, na wanaweza kupendekezwa tena.

Zingatia hapo: halmashauri inapendekeza, wananchi wanapitisha. Jina likisomwa na hulikubali, una haki ya kunyoosha mkono na kusema. Mkutano unaweza kulikataa.

Kazi ya baraza ni kupokea malalamiko, kuzisikiliza pande zote, kwenda kuona eneo inapobidi, na kuwasaidia wagombanao wafikie makubaliano. Ni wasuluhishi, si mahakimu. Hawafungi mtu, na hakuna anayelazimishwa kupeleka shauri lake kwao. Nguvu yao ni kuaminiwa.

Usiporidhika, unakwenda Baraza la Kata. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, Baraza la Kata nalo linasuluhisha tu mashauri ya ardhi, haliamui tena nani mmiliki. Likishindwa kuwapatanisha, linatoa cheti cha kuthibitisha hivyo. Zikipita siku 30 bila suluhu, unaweza kuendelea bila cheti hicho hadi Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko ndiko shauri linakoamuliwa. Lakini kufika huko kunataka nauli, siku za kazi na mara nyingi wakili. Kwa mjane au mfugaji asiye na fedha, suluhu ya haki pale kijijini inaweza kuwa ndiyo nafasi pekee atakayoimudu.

Pengo lililobaki

Sheria imewatengea wanawake viti vitatu. Wafugaji, watu wenye ulemavu na wakazi waliohamia kutoka sehemu nyingine haijawatengea kiti. Hawakukatazwa, ila hakuna anayelazimika kuwakumbuka. Kijiji kinaweza kutimiza idadi ya wanawake na bado wajumbe wote saba wakawa wa koo mbili, au wote wakulima.

Tuchukue mfano. Njia ya mifugo kwenda kunywesha imezibwa na shamba jipya. Mfugaji analalamika mbele ya wajumbe saba, wote wakulima na wawili ni ndugu wa mwenye shamba. Hata wakisema kweli, ataondoka akiamini ameonewa. Kesho ng'ombe wanapita usiku, keshokutwa watu wanashika fimbo na mapanga. Mgeuze mfugaji awe mwenye shamba, na wajumbe wawe wafugaji watupu, matokeo ni yale yale.

Upare una historia ya jambo hili. Miaka ya 1940, chini ya Waingereza, ilianzishwa kodi ya mbiru, kila mtu akitozwa kwa kukadiriwa mali yake. Watu hawakuuamini ukadiriaji ule. Mwaka 1945 maelfu walishuka kutoka milimani hadi Same kupinga, na wanawake nao wakaingia katika mapambano hayo. Hatimaye kodi hiyo iliondolewa. Watu wakiona kuwa maisha yao yanapimwa na wasiowaamini, hawatulii.

Unachoweza kufanya

Kwanza, muulize mtendaji wa kijiji majina ya wajumbe saba na lini muda wao unakwisha. Si siri, ni baraza lenu.

Pili, fika kwenye mkutano mkuu. Kwa kawaida unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Tunaokwenda kwenye msaragambo tukijua kazi ni ya wote, tuuone mkutano huu hivyo hivyo. Akina mama, msibaki nyuma mkisema mzee ameshakwenda. Kura yake si yako.

Tatu, majina yanaposomwa, uliza: wanawake ni wangapi? Vitongoji vyote vimo? Wafugaji wamo? Kuna anayejua shida za mtu asiyeona au asiyetembea? Kama hakuna, omba majina mengine yaletwe.

Nne, shauri lako likifika barazani na mjumbe ni ndugu wa upande wa pili, omba kwa heshima akae pembeni. Mkifikia makubaliano, yaandikwe, yasomwe kwa sauti, pande zote mtie saini au dole gumba, na kila mmoja abaki na nakala.

Haya yote hayahitaji wakili wala nauli ya kwenda Moshi. Yanahitaji ujue tarehe ya mkutano ujao, na uwepo.