Ukienda Kununua Chuma cha Chapati

Chapati ni chakula cha sikukuu katika nyumba nyingi za vijijini. Tena ni biashara. Akina mama wengi huzipika alfajiri na kuziuza kando ya njia, wapate fedha za madaftari na sabuni.

Lakini unga mzuri na mafuta mazuri havitoshi. Chuma kikiwa kibaya, chapati inaungua katikati na kingo zinabaki mbichi. Kuni nazo zinakwisha bure. Tena viko vyuma vinavyoweza kutia sumu katika chakula cha watoto. Kwa hiyo tujifunze namna ya kuchagua.

Wengine hukiita tawa, jina lililotoka Bara Hindi pamoja na chapati yenyewe. Wengine husema kikaango. Sisi hapa tutasema chuma cha chapati.

KIMETENGENEZWA NA NINI?

Hili ndilo swali la kwanza. Uliza hili kabla hujauliza bei.

Kwanza, kuna chuma cha kusubu. Hiki kimeyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Ni kizito na cheusi. Kinapata moto polepole, lakini kikishapata hakipoi upesi. Ukiweka chapati mbichi, joto linabaki palepale, na chapati inaiva sawasawa. Kasoro yake ni kwamba kikianguka juu ya jiwe kinaweza kupasuka.

Pili, kuna chuma cha bamba. Fundi amekata bamba la chuma akalifanya duara. Hiki hakipasuki kikianguka. Lakini bamba likiwa jembamba hujipinda motoni. Chagua lenye unene wa sarafu mbili zilizobebana, au zaidi.

Tatu, kuna alumini. Ni nyeupe na nyepesi, nayo hupitisha joto upesi kuliko chuma. Alumini ya kiwandani ina kazi yake jikoni. Shida iko kwa alumini iliyoyeyushwa kutoka vyuma chakavu vilivyochanganywa: vipande vya injini, rejeta za magari na takataka nyingine. Humo inaweza kuingia risasi, yale madini mazito yanayotumika katika betri za magari.

Mwaka 2014 wataalamu walichapisha matokeo ya kupima sufuria za namna hiyo kutoka Kameruni. Mwaka 2017 yakatoka matokeo ya vyombo kutoka nchi 10, zikiwamo Tanzania na Kenya. Baadhi ya vyombo hivyo vilitoa risasi. Sumu ya risasi hudhuru ubongo wa mtoto, akawa mzito wa kujifunza. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Risasi hiyo huioni kwa macho, wala haitoki kwa kusugua. Vitu vichachu kama nyanya, ndimu na ukwaju ndivyo hung'oa madini zaidi. Nyumba nyingi zina kikaango kimoja tu: asubuhi cha chapati, jioni cha kukaangia nyanya. Basi, alumini usiyojua ilikotoka usiipikie kabisa.

Nne, kuna vikaango vyenye ngozi nyeusi isiyogandisha chakula. Vinafaa kwa moto mdogo wa gesi au umeme. Joto likipita sentigredi 260 ngozi hiyo huanza kuharibika. Ukizidi kukiunguza kinatoa moshi mbaya. Moto wa kuni na mkaa ni vigumu kuupima, kwa hiyo kikaango hiki si cha mafiga.

CHUKUA SUMAKU

Utajuaje kama unachouziwa ni chuma kweli? Nenda sokoni na kipande cha sumaku. Hata sumaku ya spika ya redio iliyokufa inatosha. Chuma hunasa sumaku. Alumini hainasi.

Lakini tahadhari. Bati nalo linanasa sumaku, kwa sababu ndani ni chuma kilichopakwa zinki. Ukiona rangi ya kijivu inayong'aa, yenye maua maua kama bati la kuezekea, usinunue. Zinki huyeyuka katika sentigredi 420, na makaa mekundu yana joto kupita hapo. Moshi wa zinki ukivutwa huleta homa na kutetemeka, mtu akadhani ni malaria. Kataa pia bamba lililopakwa rangi, na lililokatwa kutoka pipa la dawa za shamba au kemikali.

Usione haya kumwuliza mwuzaji. Sikiliza mazungumzo haya:

"Karibu mama. Chukua hiki kinachong'aa, bei ya kutupa."

"Ahsante, kaka. Kimetengenezwa na nini?"

"Aa mama, hicho ni chuma kabisa!"

"Mbona sumaku yangu haishiki? Hebu nipe kile cheusi pale chini."

"Kile kizito, mama. Tena bei yake iko juu."

"Uzito ndio nautafuta, kaka. Bei tutaelewana."

PIMA KABLA YA KULIPA

Kabla hujatoka nyumbani, pima mdomo wa jiko lako kwa kijiti. Chuma kikizidi moto sana, kingo hazitapata joto. Kwa mafiga si neno, maana unaweza kusambaza kuni. Kwa jiko dogo la mkaa lazima uangalie.

Kiweke chuma juu ya ubao ulionyooka, ubonyeze kingo. Kikichezacheza, kimepinda, na mafuta yatakimbilia upande mmoja. Kwa jiko la umeme kitako kiwe bapa kabisa. Tazama na mkono wake. Mkono wa plastiki utaungua kwenye kuni. Mkono wa chuma uwe umekazwa vizuri, usilegee.

KIZOESHE MOTO NA MAFUTA

Chuma kipya cha kusubu au cha bamba hugandisha chapati. Usikitupe, kizoeshe kwanza. Kioshe kwa sabuni na kukisugua, kisha ukikaushe juu ya moto. Kipake mafuta ya kupikia, halafu uyafute kwa kitambaa mpaka yabaki kidogo sana. Kipashe moto nje ya nyumba mpaka kifuke moshi. Kiache kipoe. Fanya hivyo mara tatu au nne. Kitakuwa cheusi, na chapati haitashika.

Tangu hapo kitunze. Kikiwa cha moto usikimwagie maji baridi, hasa cha kusubu, maana kitapasuka. Usikilaze na maji, kitapata kutu. Kikipata kutu, sugua na uanze tena kukizoesha. Nyanya na ndimu zipikie chombo kingine, zisije zikala ule weusi.

Wapo wanaosema chapati za chuma huongeza damu. Ni kweli kwamba chuma cha jikoni hutoa madini kidogo katika chakula, hasa chakula chenye maji na uchachu. Lakini chapati ni kavu. Usiitegemee kuwa dawa. Mwenye upungufu wa damu aende zahanati.

RAHISI NI GHALI

Tuseme chuma chembamba kinapinda baada ya mwaka mmoja, nacho kile kizito bei yake ni mara tatu. Ukinunua chembamba kila mwaka, mwaka wa tatu umekwisha kulipa bei ya kizito, na mkononi una chuma kilichopinda. Kizito kikitunzwa, binti yako atakirithi.

Baba na mama wakae pamoja wapange fedha hiyo. Wakati wa kununua baiskeli, baba huikagua fremu, minyororo na matairi. Chuma kinachopikia watoto nacho kikaguliwe hivyo hivyo.

JADILIANENI KIKUNDINI

1. Vyombo vyenu vya kupikia vimetengenezwa na nini? Vijaribuni kwa sumaku.
2. Nani kijijini anasubu alumini? Anapata wapi vyuma chakavu?
3. Je, wanachama wanaweza kuchanga fedha na kumwagiza fundi vyuma vizito kwa pamoja?